Mche Uliokataa: Maisha ya Dkt. Eufrazia Mkude Banzi, 1948–2016

Eufrazia Tomasi Mkude alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Mei 1948, huko Matombo, masika yakiwa ukingoni, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Tomasi Mkude na Mama Rosa. Alikuwa mwembamba hata bibi zake wakampa jina la Ufito, na ubishi wake ulianza mapema. Akiambiwa mbegu imekufa, alikwenda kuifukua aone imekufaje. Mama Rosa alikuwa akilalamika kwamba mahindi yake hayaoti kwa raha kwa sababu kuna mtu anayachungulia kila asubuhi. Mtu mwenyewe hakuwa ametimiza miaka sita.

Alianza shule ya misheni hapohapo Matombo mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, kisha akapelekwa kwa masista kwa masomo ya sekondari. Siku ya kuondoka alipanda lori la ndizi, akaketi juu ya mikungu na sanduku lake la bati mapajani. Mdogo wake Josephina, ambaye ndiye anayeusoma wasifu huu leo, alilikimbilia lori lile akilia mpaka kwenye kona, akarudishwa nyumbani kwa fimbo. Mwaka 1970 Eufrazia aliingia Kitivo cha Kilimo hapa Morogoro, akiwa mmoja wa wasichana wanne darasani, akahitimu mwaka 1974 na kuajiriwa serikalini kuwa mtafiti wa mazao. Mwaka 1980 alipelekwa masomoni Ubelgiji, akarejea mwaka 1984 na shahada ya uzamivu. Huko alijifunza kukata kiini cha chipukizi la mgomba, kidogo kama punje ya mchele, kukitia ndani ya chupa yenye chakula chake, na kukizidisha mpaka kiwe mamia ya miche safi isiyo na ugonjwa. Aliporudi, Mzee Tomasi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, umevuka bahari kusomea migomba, na sisi tunayo hapa nyuma ya nyumba?"

Alifunga ndoa na Mwalimu Athanas Banzi tarehe 27 Desemba 1975 katika kanisa la Matombo. Wakaishi Mafiga, ambako Mwalimu alikuwa akifundisha shule ya msingi, na mwaka 1986 wakahamia Bigwa kwenye nyumba yao wenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu: Editha, Rogers na Anastasia. Wengi mnamkumbuka Mwalimu Banzi kuwa mkufunzi wa kwaya. Mnaweza kuwa hamjui kwamba kwa miaka minne alikatazwa kuimba ndani ya nyumba yake. Sababu itaelezwa sasa hivi.

Zilikuwa siku za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Rafu za maduka zilizozoea vumbi zikajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikashuka, na kila mwenye baraza akafungua kigenge. Jamani, mji huu ulikuwa na harufu ya rangi mpya! Lakini maofisi ya serikali yalikuwa yakipunguza watu, na mradi wa Daktari ulifikia kikomo mwaka 1991. Akaambiwa chupa zake zimwagwe, kabati linahitajika kwa kazi nyingine. Alirudi nyumbani akiwa na chupa arobaini kwenye kapu la sokoni, amezifunika kwa kanga. Mwalimu alipomuuliza ni nini, alijibu, "Ni miaka saba ya kazi, Athanas. Nisogezee meza." Januari 1992 aliandika barua ya kuacha kazi, na chumba cha watoto kikawa maabara. Watoto walilala sebuleni. Chupa zilichemshwa kwa sufuria ya presha, chupa za jemu alizoziomba kwenye mabweni ya wanafunzi. Hakuna aliyeruhusiwa kupita mlangoni bila kunawa mpaka kwenye viwiko, na Mwalimu alipopita akiimba sauti ya besi, mkewe alimtoa nje: pumzi inabeba ukungu, alisema, na wimbo ni pumzi nyingi. Kwaya ya nyumbani ikahamia chini ya mchungwa. Ile furaha ya nyumba ya Bigwa wakati ule, kila mtu ananong'ona na kila chupa inachunguliwa, sisi tulioiona tunaitamani hata leo.

Chipukizi la kwanza alilolizidisha kwa ajili ya kuuza alipewa na jirani, Bibi Mwaisha, mama wa Kiislamu aliyekuwa na mgomba wenye mikungu mizito kuliko yote ya Bigwa na ulimi uliolingana na mikungu hiyo. Huku kwetu mlimani mche wa mgomba hauuzwi, hupewa. Mche ukikubali, aliyekupa unampelekea chane ya mkungu wa kwanza. Ukikataa, ukakua bila kuzaa, yeye mwenyewe huja kuung'oa kwa mkono wake, maana usipong'olewa na aliyeutoa, udugu huingia doa. Bibi Mwaisha alilichimbua chipukizi, akaliweka chini, akauliza, "Nasikia unataka kuuza. Utauzaje kitu cha kupewa?"

"Nitauza chupa na jasho langu, bibi. Mgomba wenyewe utabaki wa kupewa."

"Haya. Lakini mche ukikataa usije ukajificha nyuma ya chupa."

Hivyo ndivyo kampuni ya Chipukizi Bigwa ilivyoanza. Mbia wake alikuwa Bwana Stambuli, mfanyabiashara wa ndizi mwenye lori, aliyejua kila njia kutoka Mikese hadi Kinole na kila mnunuzi wa sokoni. Daktari alijua chupa, Stambuli alijua watu. Mmoja aliongea kwa vipimo, mwingine kwa viapo, na kwa miaka minne walikuwa chanda na pete. Mtu akitilia shaka mche uliotoka chupani, Stambuli alikuwa akila jani lake mbele ya mtu huyo. Daktari alimwambia majani yale hayana ladha wala faida. Alijibu, "Wewe nifundishe sayansi, imani niachie mimi."

Sasa inafika sehemu ambayo baadhi ya watu wa kampuni waliomba isisomwe. Marehemu aliagiza isomwe, na familia haikuona wa kubishana naye hata sasa. Mlangoni pa maabara palikuwa na karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe: kiini kimoja kisikatwe zaidi ya mara nane. Kikizidishwa mno, miche huanza kupotoka. Mwaka 1996 Stambuli alileta agizo la miche elfu tano ya kugawiwa kwa wakulima wa Kinole, Matombo na Mikese kabla ya mvua. Muda ulikuwa mfupi. Daktari aliisoma ile karatasi yake, akaipita, akakata mara kumi na moja. Hakuna aliyemlazimisha. Miche ilitoka mizuri ya kupendeza, ikapandwa, ikashangiliwa. Baada ya mwaka, migomba mia sita na kumi na miwili ilikuwa imejikunja majani, na ile iliyothubutu kuzaa ilitoa ndizi kama vidole vya mtoto. Huko mlimani watu walianza kusema kwamba mgomba wa chupa ni mgomba wa kiini macho. Kama neno hilo lingekaa, kazi yake yote ilikuwa imekwisha, kwa sababu mkulima akishakataa kitu shambani kwake hakuna semina ya kumrudisha.

Stambuli alitaka wanyamaze. "Mkataba unasema tukabidhi miche hai, na tuliikabidhi hai. Daktari, biashara ina hasara zake, tusonge mbele."

"Mkataba tuliuandika mimi na wewe mezani. Wakulima hawakuwepo."

"Basi tuma vijana wakang'oe."

"Nani aliyeitoa?"

"Ukienda kujitangaza mlango kwa mlango kwamba ulikosea, nani atanunua tena? Unaizika kampuni, na mimi unanizika nayo!"

Daktari alikuwa tayari anatafuta jembe. Stambuli aliondoka siku hiyo na lori lake, na ndipo ukimya wao ulipoanza. Ulidumu karibu miaka kumi na tisa.

Alianza kung'oa Septemba 1997 na kumaliza Mei 1998, na mnaokumbuka mvua za Elinino mnajua hiyo ilikuwa miezi gani. Barabara ya Matombo ilikatika, madaraja yalikwenda na maji. Alipanda mlima kwa miguu, jembe begani, nyuma yake mtu mmoja amebeba miche mizima ya kufidia. Kila nyumba alipiga hodi, akaeleza kosa lake bila kulipamba, akang'oa, akapanda mwingine. Huko Kinole mama mmoja alimhurumia. "Shikamoo Daktari. Si ungetuma mtu tu, na mvua yote hii?"

"Marahaba. Wewe ungetuma mtu?"

Yule mama alifikiri. "Hapana."

"Basi nisogezee hilo gogo, nipate pa kukanyaga."

Aliumia magoti, aliugua malaria mara mbili, na viganja vyake havikurudi tena kuwa vya maabara. Alichoka kiasi cha kulia, na alilia, Josephina alimwona. Lakini msimu uliofuata watu wa Kinole waliteremka wenyewe mpaka Bigwa kuulizia miche. Walisema mgomba wa chupa una mwenyewe. Kampuni ikasimama, ikajenga maabara ya kweli, ikaajiri watu hamsini na watatu, na watafiti vijana wakaja kwake kuuliza namna ya kutoa utafiti kabatini na kuupeleka sokoni. Aliwasomesha vizuri, ila kabla ya lolote aliwapa jembe.

Mwalimu Athanas alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Februari 2016 Daktari aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Dar es Salaam, na Juni akaomba arudishwe Bigwa. Ijumaa ya tarehe 19 Agosti, baada ya swala, walikuja wageni wawili ambao hawakuongozana. Wa kwanza alikuwa Bwana Stambuli, mwenye miaka sabini na minne na fimbo mkononi, aliyekaa karibu na mlango asijue aanzie wapi. Wa pili alikuwa Mzee Mansuri, mkulima kutoka Kinole, aliyekuja na chane ya ndizi na jambo moyoni.

"Daktari, nilikudanganya. Ule mwaka wa mvua nilikwambia mche wangu umechukuliwa na maji. Haukuchukuliwa. Wewe ulifika kwangu umelowa, mikono inatoka damu. Mke wangu Yasmin akasema, huyu tukimpa jembe tena tutakuwa tumemuua. Tukauficha ule mche kwa makuti. Upo mpaka leo, hauzai."

Daktari alicheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekikosa kwa wiki nyingi. Kisha machozi yakamtoka. "Mia sita na kumi na moja, kumbe. Na mimi siwezi tena hata kushika kijiko."

Rogers, mwanawe, alisema atakwenda yeye. Stambuli akainuka, akaegemea fimbo yake.

"Kaa, mwanangu. Miche hiyo niliibeba kwa lori langu. Mimi na mama yako tuliitoa pamoja."

Jumamosi alfajiri alipanda Kinole na magoti yake mabovu. Mzee Mansuri anasema ilimchukua asubuhi nzima, kwa sababu miaka karibu ishirini mgomba ule ulikuwa umeota mizizi kama wa nasaba bora, na hakukubali kusaidiwa hata kushika shina. Alirudi jioni na udongo umemganda mpaka kiunoni, akaingia chumbani vilevile bila kunawa, na hakuna aliyemzuia. Akasema, "Nimeung'oa, Eufrazia. Nisamehe." Mgonjwa alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wenye udongo, akalala nao hivyo. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2016, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Marehemu ameacha watoto watatu, Editha, Rogers na Anastasia, wajukuu saba, wadogo zake wawili, Josephina na Tomasi, na wafanyakazi wa Chipukizi Bigwa, aliowaita wanangu hata walipomkasirisha. Ameacha pia mbia wake, Bwana Stambuli, ambaye jana aliomba ruhusa ya familia kushika jembe kaburini, na amepewa.

Mungu ampokee Eufrazia wetu, na ampumzishe kwa amani, yeye asiyedaiwa na mtu.