Mkono Chini ya Shuka

Benchi la Lachhu muuza chai lipo pale mchanga unapoanzia, nyuma ya mahema ya wauza hatamu, na msimu wa mnada wa ngamia, mwezi wa Kartik ukikaribia kujaa, hakuna kiti Pushkar nzima kinachogombewa kama hicho. Mbele yako ngamia hadi macho yachoke, nyuma yako kengele za hekalu na mahujaji wanaoshuka ziwani kuoga, katikati chai ya tangawizi katika vikombe vya udongo. Mimi hushona hatamu na shanga za shingoni, ndiyo maana wenzangu wananiita Sindano. Redio ni kinyozi wa ngamia. Anawachora maua na tausi ubavuni kwa mkasi, na mdomo wake haufungwi hata mnyama akimtemea mate. Motaram alikuwa bawabu mahakamani kule Ajmer hadi alipostaafu, kwa hiyo tunamwita Jaji. Wa nne ni Panditi Kishori, anayewaombea mahujaji kwenye ngazi za ziwa na kuja kwetu kila koo linapomkauka. Mwaka mmoja tulikuwa tunabishana juu ya mwanamke mmoja.

— Leo tena yupo, akasema Redio. Tangu mnada uanze yupo palepale, na ngamia wake mmoja.

— Kusimama si kosa, akasema Jaji.

— Sijasema kosa. Nasema ajabu. Wanunuzi wanakwenda wanafurahi, wanarudi wamenuna. Mmetazama? Yule wa kilemba cha njano amerudi anacheka peke yake kama mwehu.

Tulikuwa tumetazama. Alikuwa ngamia jike mzuri, wa rangi ya mchanga uliolowa, kwato safi, nundu imesimama. Mwanamke alikuwa amejifunika shela hadi kidevuni, kamba mkononi. Mnunuzi akifika wanaongea maneno mawili matatu, mnunuzi anageuza. Shuka halikutolewa hata mara moja. Na kwetu mnada bila shuka si mnada. Bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinavyosema, na aliye pembeni anabaki kukodoa macho.

— Mimi najua, akasema Redio. Yule ngamia aliibwa, akapatikana. Sasa mama kamleta hapa kama chambo. Anamngojea mwizi aje, ngamia amtambue.

— Unatupiga kamba, Redio.

— Kamba gani? Ngamia hasahau sura. Shangazi yangu aling'atwa na ngamia aliyemkosea miaka kumi nyuma.

— Shangazi yako aling'atwa kwa sababu alikuwa na mkate kwapani, akasema Lachhu huku akikoroga sufuria. Nilikuwepo.

Jaji akakunja nne, kama afanyavyo akitaka kutoa hukumu.

— Sikilizeni. Huyo katumwa na serikali. Anaandika kichwani nani kasema nini, nani ana lori, nani hana kibali. Mkimwona kesho hayupo, mjue ripoti imekamilika.

— Serikali itume mwanamke mwenye viatu vilivyotoboka?

— Ndiyo ujanja wenyewe huo.

Panditi alikuwa anapuliza chai yake. Akasema mambo hayo yote ni ya kidunia, na kwamba mtu anayesimama hivyo bila kuuza ana nadhiri.

— Ameahidi. Anamuuza siku ya mwezi mpevu tu, tena kwa mtu aliyekwisha kuoga ziwani, tena ambaye jina lake linaanza kama jina la mungu Brahma.

— Mbona masharti mengi hivyo, Panditi?

— Nadhiri za wanawake ndivyo zilivyo. Mimi nazisikia kila siku.

— Basi tuseme na hili, Redio akadakia. Huyo ngamia ndiye mumewe. Msicheke. Kalaaniwa na mtawa, sadhu, kageuka ngamia, na mke kaja kumtafutia dawa hapa kwenye maji matakatifu. Mtazame anavyomwangalia. Ngamia gani anamwangalia mtu namna ile?

— Mwenye njaa, akasema Lachhu.

Tukacheka. Ila Panditi hakucheka. Upepo ulikuwa umeinua shela ya yule mama, na mkono ulioshika kamba ukaonekana hadi juu ya kiwiko.

— Mikono mitupu, akasema. Hana hata bangili moja. Ni mjane yule.

Wanawake wa wafugaji wetu huvaa bangili nyeupe kuanzia kifundo cha mkono hadi begani, na hawazivui ila kwa jambo moja. Kabla Redio hajapata hadithi nyingine, mama yule akamfunga ngamia wake goti asitembee, akaja moja kwa moja hadi benchini.

— Ram-ram, ndugu zangu.

— Ram-ram, dada.

— Kati yenu nani anajua kuhesabu kwa vidole?

Hakuna mwanaume wa Pushkar asiyejua. Tukasema sote tunajua.

— Nimechoka kusimama, akasema. Wanakuja, wananiuliza mwanaume yuko wapi. Nikisema mwenye mali ni mimi, wengine wanacheka, wengine wanaona haya. Hakuna atakayeingiza mkono chini ya shuka na mimi, na mimi siwezi kuingiza wangu. Nikitaja bei kwa mdomo wananipa ya kununua mbuzi, na kwa kuwa kila mtu anasikia, anayefuata hapandi. Ninaomba mkono wa kaka. Kwa leo tu.

Ungeona vile vinywa vilivyokuwa vinachonga tangu alfajiri. Redio akaanza kukagua makali ya mkasi wake. Jaji akasema kisheria jambo hilo linataka idhini, na idhini inataka mashahidi. Panditi akakumbuka kwamba ameshaoga na ana ibada, hawezi kushika mikono ya wafanyabiashara. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni. Nilipoutema ili niseme kwamba nina kazi za watu, wote wakadhani nimekubali, naye akainamisha kichwa kunishukuru. Nikaona aibu. Nikainuka.

Njiani nilimuuliza kwa nini anauza. Mtu anayemsemea mwenzake lazima ajue.

— Malisho yetu yamezungushiwa seng'enge, akasema. Mume wangu alikuwa anawapeleka ngamia mbali, kundi zima. Sasa amebaki huyu Kajri peke yake, na ana mimba. Nikimweka nyumbani atakonda mbele ya macho yangu. Nataka aende, ila nataka aende kuishi.

Akaninong'oneza bei ambayo hatashuka chini yake. Sitaitaja, kama sikuitaja siku ile. Tukasimama. Habari kwamba mjane kapata kaka ilienea haraka kuliko moshi, na hata jua halijapanda sana akaja bwana mmoja mnene, koti safi, harufu ya waridi. Hakumfungua ngamia mdomo. Hakutazama kwato. Alimshika paja, akalibinya kama mtu anayepima nyama, akazunguka akabinya na la upande wa pili. Kisha akatoa shuka.

Mkono wake ulikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na pete mbili. Akanibonyeza vidole, na mimi nikadhani nimekosea kuhesabu. Nikamwomba arudie. Akarudia ileile. Ilikuwa juu mno ya aliyoitaka mama. Kwa bei ile ningeweza kurudi benchini nikitembea kifua mbele mpaka Kartik nyingine.

Nikamwendea mama, nikamnong'oneza. Hakuonyesha furaha yoyote.

— Mkono wake ukoje? akaniuliza.

— Mkono?

— Umeushika. Ukoje?

— Laini, nikasema. Una pete.

— Mkono huo umewahi kushika kamba?

Nikafikiri. Mtu anaweza kuwa na mkono laini na roho nzuri. Anaweza kuwa na wachungaji kumi kwake. Ningeweza kumwambia hivyo, na fedha ile ingekuwa yake. Lakini nilikuwa nimeona anavyobinya mapaja, na mwanamke yule kutoka chini ya shela yake alikuwa amekiona hichohicho. Alitaka mtu wa pili aseme.

— Haujawahi, dada, nikasema.

— Mwambie ngamia hauzwi kwake.

Nikamwambia bwana yule hivyo. Akasema kwa sauti ya juu, ili wa mahema yote wasikie, kwamba Sindano sasa ameoa ngamia na mjane kwa mpigo mmoja. Watu wakacheka. Uso ukaniwaka, nikajikuta nimeshika kamba ya Kajri kama vile ni mimi ninayeuzwa. Mama alisogea, akasimama karibu zaidi na mimi, mbele ya wote.

Wakapita wengine. Alasiri akaja mzee mrefu wa upande wa Nagaur, kilemba chekundu, mwembamba kama fimbo yake. Huyu alianza kwa kumsalimu ngamia. Akamfungua mdomo, akamnusa pumzi, akapapasa tumbo polepole na kutikisa kichwa kwamba ameelewa.

— Anaitwa nani? akauliza.

— Kajri, akajibu mama mwenyewe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mnunuzi tangu niwe kaka yake.

— Kajri huanza kunywa ndipo ale, au anakula kwanza?

— Anakula kwanza. Ukimpa maji asubuhi mapema anagoma.

— Kama mke wangu, akasema mzee, na akatoa shuka.

Kiganja chake kilikuwa kikavu, kina mfereji katikati pale kamba ilipopita miaka yote, na kidole gumba hakikuwa na ukucha. Alianza chini. Nikapanda. Akapanda kidogo. Nikabana vidole vyake nikakataa kuviachia, na yeye akanicheka kwa vidole huku uso wake haujui lolote. Tulipofika pale mama alipotaka, pale pale, bila hata kidole kimoja cha ziada, akatulia. Nilijaribu kumvuta zaidi. Alifungua kiganja chote mbele ya changu, maana yake hana kingine.

Sikumnong'oneza mama bei tu. Nilimwambia na huo mfereji. Akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza.

Alizungumza na Kajri kidogo sikioni. Alimvua ushanga wa shingoni, akabadili nia akamvisha tena. Kisha akampa mzee kamba.

Nilipofika benchini walikuwa wamenibakizia nafasi ya katikati.

— Haya, ngapi? akauliza Redio.

— Ya chini ya shuka hubaki chini ya shuka.

— Wewe nawe. Sisi ni ndugu zako. Yule mnene alitoa zaidi ya huyu mzee, sivyo? Nimeona bega lako lilivyoruka.

Bei sikuitaja, ila niliwasimulia mikono ile miwili.

— Basi amepata hasara, Jaji akahukumu. Mkono laini au mgumu, fedha ni ileile.

— Si ileile, akasema Panditi.

— Kwa vipi si ileile?

Wakaanza. Redio akasema yule mnene ni jini, ndiyo maana mkono ulikuwa hauna mistari. Nikamwambia sijasema hauna mistari. Akasema nitakumbuka baadaye. Panditi akasema mzee wa Nagaur ni mume marehemu aliyerudi kumchukua ngamia wake, na Jaji, ambaye hapendi mambo ya wafu, akasema kama ni hivyo basi mauzo ni batili.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa hujaji mmoja, bibi wa makamo kutoka Gujarat, nywele bado zinachuruzika maji ya ziwani. Alikuwa amesikiliza yote, kikombe mapajani. Akauliza kwa upole:

— Na yeye anarudije kwao?

— Nani?

— Huyo mama. Alikuja na nini?

Nikasema alikuja na Kajri. Njiani alikuwa ameniambia wamevuka jangwa pamoja, usiku analala amejibana ubavuni mwa ngamia kwa sababu ya baridi. Niliyasema hayo, na nilipomaliza kuyasema nikaona hayakuwa jibu.

Redio akatazama pale mama alipokuwa amesimama. Palikuwa na kigingi na mavi makavu. Jaji akasema labda ana jamaa mjini, kisha akasema hapana, kama angekuwa na jamaa asingekuja kwetu. Lachhu akazima jiko. Hakuna aliyejua amekwenda upande gani, na jua lilikuwa limeshagusa vilima.

— Hawezi kuwa amefika mbali, akasema Panditi. Akaweka kikombe chini, akainama chini ya benchi, akaanza kutafuta viatu vyake.