Profesa Stanislas Kalaba na Picha ya Daraja la Naviundu

Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlio majumbani, na ninyi mliosimama chini ya kipaza sauti pale Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, egesheni baiskeli, tueni mizigo chini kidogo. Leo tunamkumbuka Profesa Stanislas Kalaba. Alifariki Jumanne asubuhi hospitalini, hapa Élisabethville. Alhamisi tulimzika. Wengi wenu mlikuwepo.

Kwa wale wasiomjua, tuseme alikuwa nani. Stanislas Kalaba alikuwa profesa wa ujenzi katika shule ya ufundi ya mapadri. Alifundisha vijana kujenga madaraja, barabara na majengo. Diploma ya enjinia hakuipata, kwa sababu alipokuwa kijana mlango huo haukufunguliwa kwa mtu mweusi. Lakini nusu ya mafundi wa mji huu wamepita mikononi mwake. Tena alikuwa mpiga picha. Daraja na picha, vitu hivyo viwili alivipenda kuliko vyote. Na ni vitu hivyo viwili vilivyomvunja moyo.

Alizaliwa kaskazini, upande wa Kabalo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Mnamo miaka ya ishirini familia ikashuka huku Élisabethville kufuata kazi. Dada zake wanakumbuka kwamba safarini, garimoshi lilipokuwa linavuka mto, watoto wengine walitazama viboko majini. Stanislas alitoa kichwa nje akatazama nguzo. Baba yake akamvuta kwa kola ya shati.

Mapadri walimsomesha, wakamfanya mwalimu. Watu wa Kenya wakamwita Profesa, na jina likashika.

Mkewe, Mama Victorine, alituambia jinsi Stanislas alivyokuja kumposa. Alikaa sebuleni kwa wazazi wake, hasemi, anatazama juu tu. Mwisho mzee akamuuliza: "Kijana, unataka kuoa mutoto ao unataka kuoa nyumba?" Stanislas akajibu: "Baba, ile mbao ya katikati imeoza. Mbele ya ndoa niitengeneze." Na aliitengeneza. Mama Victorine alicheka alipotusimulia, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Kamera yake aliinunua kwa Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kamera ya kukunja, yenye mfuko wa ngozi mweusi unaofunguka kama kinanda cha mkono. Jumapili baada ya misa watu walijipanga mbele ya nyumba yake. Maharusi. Watoto wa komunyo ya kwanza. Vijana na baiskeli mpya. Picha alizisafisha jikoni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na hapo hakuna kuwasha moto. "Siku ya foto njo siku ya njaa," anasema Mama Victorine.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, wasikilizaji. Mtu wa furaha. Shikeni hilo, kwa sababu wengi mlimjua baadaye, mkadhani alizaliwa kimya.

Sasa twende Naviundu, mwaka wa 1939, mvua zilipoanza.

Wanawake waliokuwa na mashamba ng'ambo ya mto Naviundu walivuka juu ya magogo, watoto mgongoni. Shule ikakubali kuwajengea daraja dogo la beto, yaani zege. Profesa Stanislas alilichora. Wanafunzi wake walilijenga. Aliyekuwa mbele kwa kila kazi alikuwa kijana mmoja aitwaye Clovis. Clovis alikuwa mtoto pekee wa Mama Adolphine, mjane kutoka Kasai, muuza unga sokoni Kenya. Mama huyo hakuwa na mume, hakuwa na ndugu hapa mjini. Alikuwa na Clovis.

Beto ilimwagwa. Chini yake iliachwa miti ya kuishikilia mpaka ikomae. Kila mwanafunzi wa Stanislas analijua somo hilo: beto haiharakishwi, na miti haitolewi mapema. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Lakini siku zile zile habari ilikuja kutoka mjini. Wazungu wapiga picha walikuwa na maonyesho yao, na kwa mara ya kwanza walikubali kutundika picha moja ya mtu mweusi. Picha moja ya Stanislas Kalaba. Walitaka iletwe Jumatatu. Na yeye alijua anataka kuonyesha nini: daraja lake, lililojengwa na watu wake, wakiwa wamesimama juu yake.

Jumamosi mchana mvua ikakatika. Jua likatoka, mto ukang'aa. Akafungua kamera, akatazama. Ile miti ya chini ikamkera. Daraja lilionekana kama mgonjwa kwenye magongo.

Akawaambia vijana watoe miti ya katikati.

Clovis alikuwa tayari mtoni, maji magotini. Akainua kichwa. "Profesa, beto ingali mubichi. Ulitufundisha tungoje."

"Tutarudisha miti kiisha foto. Ni kidogo tu, Clovis."

"Ndiyo, Profesa."

Wakatoa. Kisha akawapandisha. "Simameni katikati, pale mwanga iko muzuri!" Wakapanda wakisukumana na kucheka, Clovis katikati yao. Stanislas akapiga. Akainua mkono wangoje ya pili. Hapo ndipo aliposikia mlio mkavu, kama ubao unaovunjwa gotini.

Katikati ya daraja pakashuka. Waliokuwa pembeni waliruka, wakashika majani ya ukingoni. Wawili waliumia miguu. Clovis alienda chini pamoja na beto. Mto pale si wa kina, wasikilizaji wapendwa. Ni mto ambao mtoto anauvuka akiimba. Walichimba kwa mikono, na Profesa alichimba nao mpaka kucha zikang'oka. Clovis walimtoa akiwa amekwisha kufa.

Mkubwa mmoja Mzungu alikuja, akatazama, akasema ni mvua. Hakumuuliza mtu. Na Stanislas hakusema neno. Angeweza kusema pale pale, watu wote wakiwepo. Hakusema. Na neno lisilosemwa siku ya kwanza, siku ya pili likawa zito zaidi.

Filimu aliisafisha. Alisema baadaye kwamba alitamani itoke nyeusi. Haikutoka nyeusi. Picha ilitoka nzuri, nzuri kuliko zote alizopiga maishani. Mto, mwanga, vijana wanacheka, na Clovis katikati anamtazama yeye. Aliifunga katika kitambaa, akaiweka juu kabisa ya kabati. Mjini hakuipeleka.

Matanga yalipokwisha, Mama Adolphine alikuja mlangoni kwake.

"Profesa, banasema siku ile ulipiga foto. Mutoto yangu iko ndani?"

Stanislas akatazama chini.

"Mimi sina hata foto moja ya Clovis," mama akasema. "Hata moja. Nipe ile."

"Mama, ile filimu iliingia maji. Iliharibika."

Mama Adolphine akatikisa kichwa polepole, akashukuru, akaenda zake.

Tunasema tena ili ieleweke. Picha ilikuwepo. Mama aliiomba. Profesa alimwambia imeharibika.

Daraja alilijenga upya, yeye na wanafunzi wake, na miti ilikaa chini yake mpaka watu wakanung'unika. Wanawake wa Naviundu wanalipita hata leo. Lakini tangu siku ile hakupiga tena picha ya mtu. Alipiga madaraja matupu, kuta, paa. Majirani wakasema Profesa sasa ana majivuno. Binti yake Edith, ambaye leo ni mwalimu, alifanya komunyo ya kwanza amevaa nguo nyeupe, akasimama mbele ya baba yake akingoja kamera. Baba akamshika kichwa, akaingia ndani. "Nililia siku nzima," anasema Edith. "Nilizani papa hanipendi. Ningalijua!"

Kila mwaka kabla ya mvua, Profesa alikwenda Kenya kutengeneza paa la Mama Adolphine. Alipanda mwenyewe, hata alipokuwa mtu wa heshima na mvi. Na kila mwaka mama alimpa maji ya kunywa, akamuuliza: "Profesa, ile foto, ni kweli iliharibika yote?" Na kila mwaka alijibu: "Yote, mama."

Kisha ukafika mwaka ambao mama hakuuliza. Mwaka uliofuata, hakuuliza pia. Profesa akashusha pumzi. Alidhani amechoka kuuliza. Alidhani jambo limelala.

Mwaka jana kifua kilimkamata. Vumbi la saruji, walisema waganga. Siku moja mchana, Mama Victorine alikuwa anachambua maharagwe, mumewe akamwita kutoka kitandani.

"Victorine. Ile filimu ya Naviundu haikuharibika."

Mama Victorine anasema hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Stani. Yule mama alikuwa anapita hapa na unga yake juu ya kichwa, miaka yote hii, na foto ya mutoto wake iko ndani ya nyumba yangu?"

"Niliogopa. Akiona foto, ataona hakuna miti. Ataniuliza nani aliitosha, nani aliitoa pale chini."

"Na sasa hauogope?"

"Naogopa."

"Basi ogopa huku unatembea. Edith atakushika mukono."

Picha ilichapishwa upya, kubwa. Profesa aliisafisha kwa mikono yake mwenyewe, jikoni mle mle, na Mama Victorine hakulalamika juu ya moto. Kisha Edith akamshika mkono mpaka Kenya.

Mama Adolphine alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Edith ndiye aliyetusimulia mambo haya. Profesa alisalimu, akakaa, akaweka picha mikononi mwa mama.

"Mama, nilikudanganya. Foto ya Clovis, njo hii."

Mama Adolphine akaipapasa. Akapitisha kidole pembeni, toka kona mpaka kona. Akaigeuza, akaigeuza tena. Ndipo Profesa alipoinua macho akamtazama usoni vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alikuwa haoni. Ndiyo maana aliacha kuuliza, wasikilizaji wapendwa. Aliacha kuuliza kwa sababu picha isingemfaa tena.

Profesa akaanza kulia. Akasema yote. Jumatatu ya maonyesho, mwanga, miti ya katikati, Clovis akisema beto ni mbichi. "Ni mimi niliwatuma batoshe miti, mama. Haikukuwa mvua. Ni mimi."

Mama Adolphine alingoja amalize.

"Najua," akasema. "Barafiki ya Clovis balinielezea palepale kwenye kilio. Miti, yote, nilijua."

"Ulijua? Na ulikuwa unanipa maji?"

"Ulikuwa unatengeneza nyumba yangu, nikunyime maji? Profesa, mimi sikukuuliza hata siku moja nani alitosha miti. Nilikuomba foto."

Kisha mama akamrudishia picha.

"Niambie. Iko namna gani?"

Na Profesa akamwambia. Iko katikati, mama. Iko anacheka. Suruali amekunja mpaka magotini, ina maji. Mukono moja iko kwenye bega ya rafiki.

"Mukono gani?"

"Wa kushoto."

"Ndiyo. Alikuwa mutu ya kushoto. Na meno inaonekana?"

"Inaonekana, mama."

"Rudilia."

Akarudia. Edith anasema alirudia mpaka sauti ikakauka, na kila mara mama alikuwa na swali jipya: kola ya shati, nywele, anamtazama nani. Walipoondoka, Edith aliuliza: "Mama, umemusamehe papa?" Mama Adolphine akajibu: "Kesho arudie hapa. Bado sijamaliza kuangalia."

Alirudi kesho yake. Alirudi siku nyingi, wakati miguu ilipomruhusu. Kisha miguu ikakataa, akalazwa hospitalini, na Jumanne akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Profesa Stanislas Kalaba. Profesa wa ujenzi. Mpiga picha. Mtu mwema, aliyefanya kosa moja kubwa kwa kiburi cha siku moja, na kosa la pili kwa woga wa miaka mingi. Hatusemi haya kumwaibisha. Mama Victorine mwenyewe ndiye aliyetuomba tuyaseme yote. "Museme vile ilikuwa," alituambia. "Alichoka kuficha."

Tunatoa pole kwa Mama Victorine, kwa Edith na ndugu zake, kwa walimu wenzake na kwa wanafunzi wake wote waliotapakaa Katanga nzima. Mungu amlaze mahali pema. Na tunatoa pole, pole iliyochelewa sana, kwa Mama Adolphine, kwa ajili ya mwanawe Clovis, ambaye redio haikumtaja alipokufa. Leo tunamtaja. Clovis, mwana wa Adolphine, mjenzi wa daraja la Naviundu.

Jana tulimtembelea mama huyo. Alikuwa kwenye kigoda chake, amerudi kutoka matangani kwa Mama Victorine, ambako alikaa siku zote mkekani pamoja na wafiwa. Tulimuuliza kama ana neno kwa wasikilizaji. Labda nanyi mnaotusikiliza mna kitu cha mtu ndani ya nyumba, mnangoja siku iliyo rahisi zaidi ya kukirudisha. Mama Adolphine alifikiri kidogo, mikono mapajani, kisha akasema hivi, nasi tunayaleta kama alivyoyasema:

"Waambie bantu, Profesa hakukuwa mubaya. Alinitengenezea nyumba. Lakini waambie tena, miaka yote ile nilimuomba foto, macho yangu ilikuwa muzuri."