Bi Nani wa Chumba cha Kadi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kadi cha hifadhi yetu ya picha, Bi Nani anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Hatimaye tutapumua. Mtanisamehe, lakini waliokaa naye chumba kimoja wanajua ninachosema.

Alianza kama mpiga chapa, akapanda hadi kuwa mkuu wa kadi. Jina la utani alilipata kwa swali alilotuuliza kila siku ya Mungu: nani, au nini? Kwake yeye, picha ni kitu kimoja, karatasi iliyochapiwa ni kingine, aliyepiga ni mwingine, aliyepigwa ni mwingine kabisa, na kila neno kwenye kadi ya maelezo ya picha sharti liseme linahusu nani au nini kati ya hivyo. Ukiandika "mita themanini" kwenye kadi ya picha ya daraja bila kutaja kwamba ni urefu wa daraja, inarudi mezani kwako. Tulimcheka, mpaka mtunza ghala alipokuja juu akidai hana rafu ya kubeba picha ya mita themanini.

Basi akatuamuru turudie kadi zote, elfu kumi na mbili. Jamani! Likizo mbili zilinipita hivihivi. Mimi ndiye niliyekuwa mbishi kuliko wote. Nilishikilia kwamba msomaji ana akili zake, ataelewa mwenyewe.

Kisha akaja mzee mmoja kumtafuta dada yake, waliyepotezana naye utotoni. Tulimpata pichani: mshonaji, ameketi nyuma ya cherehani. Chini ya jina lake kadi ilisema: amefariki. Mzee alivaa kofia yake, akaondoka. Bi Nani alimkimbilia hadi kwenye ngazi, akamsihi asubiri, kwani kadi haikusema ni nani aliyefariki. Alipekua majalada siku nne. Aliyefariki ni mpiga picha. Mshonaji alikuwa hai, mtaa wa pili tu kutoka hapa, na bado anashona.

Kadi ile niliiandika mimi, na ni mojawapo ya zile nilizoziruka kimyakimya wakati wa kurudia. Bi Nani alijua. Hakumwambia mtu, alinirudishia tu niisahihishe.

Ahsante, Bi Nani. Lala mpaka jua lipande, ulee wajukuu, na kikombe kikivunjika usiulize nani. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha.

Kadi yako hii ya kuagwa nimeirudia mara tatu, bila kulazimishwa. Anayestaafu ni wewe. Anayelia ni mimi.