Mama Mkanda na Faili Lililogoma

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha kumbukumbu za kamera, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Mkanda, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wiki mbili sasa anatukabidhi kazi, na wiki mbili sasa tunajifanya tumeelewa.

Alianza enzi za mikanda ya video, akiichomoa kwa vidole mashine zilipoitafuna. Ilipoletwa programu ya kusimamia usalama kazini, inayorekodi kila mashine na kufuta picha zake baada ya miezi mitatu, wengi tulidhani atafungasha virago. Akaijua kabla yetu, kisha akatucheka. Tukilalamika kwamba faili limegoma, hutukumbusha kuwa mafaili hayana chama cha wafanyakazi. "Faili haligomi," husema. "Uliza limenyimwa nini."

Wengine watamkumbuka kwa ukali wake kwa yeyote anayesogeza chai karibu na mitambo. Mimi nitamkumbuka kwa siku ya kikao cha nidhamu cha mwendesha rola.

Mtu mzima yule, baba mwenye familia, alishtakiwa kufungua kinga ya mashine huku rola ikizunguka. Kosa hilo adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Yeye alishikilia kwamba aliizima kwanza. Mbali na maelezo ya msimamizi aliyemshtaki, ushahidi ulikuwa video moja tu, iliyotolewa kwenye mfumo na kuwekwa kwenye flashi. Ile ya asili ilikuwa imeshafutika kwa kutimiza muda wake. Tukaibofya mbele ya kikao. Kioo cheusi. Tukabadilisha programu ya kuchezea, tukabadilisha kompyuta, mmoja wetu akabadilisha hata herufi za mwisho za jina la faili. Cheusi tii. Mwenyekiti akatazama saa na kutangaza kwamba wataamua kwa maelezo ya msimamizi peke yake.

Mwendesha rola alikuwa ameisokota kofia yake mapajani kama anayekamua nguo. Mama Mkanda alimwambia wazi kwamba hajui video itaonyesha nini, na kwamba ikifunguka, itafunguka kwa heri au kwa shari.

"Fungua," alijibu.

Ndipo Mama Mkanda alipomgeukia ofisa utumishi, aliyeitoa video ile kwenye mfumo. "Yale madogo yako wapi?" Ofisa wetu, nadhifu kupita kiasi, alikuwa amechukua faili kubwa na kuyatupa madogo yaliyotoka nalo, akidhani ni takataka. Kumbe ndiyo yaliyobeba ufunguo wa picha. Yalikuwa kwenye pipa la taka la kompyuta yake ya zamani, na kompyuta hiyo ilikuwa imepelekwa stoo asubuhi ileile ifutwe kila kitu, apewe mtu mwingine.

Mama Mkanda, ambaye magoti yake yana malalamiko ya siku nyingi, alishuka ngazi mbio. Nilimfuata roho mkononi. Fundi alikuwa anamalizia kufuta kompyuta ya kwanza, yetu ilifuata. Ikawashwa, ikajivuta, ikajivuta tena. Mafaili madogo yalikuwepo yote. Akayanakili kwenye flashi, kando ya kaka yao mkubwa, akapanda ngazi, akabofya.

Kioo kilibaki cheusi kidogo. Kisha tukaona mkono ukibonyeza kitufe chekundu, rola ikipunguza mwendo, ikisimama kabisa, na kinga ikifunguliwa. Mwendesha rola alilia bila kujificha. Mama Mkanda aliuliza nani ameleta chai humu ndani.

Mwendesha rola yuko kazini mpaka leo, na ndiye aliyeomba kukubebea wewe, Mama, zawadi yako mpaka nyumbani. Ofisa utumishi naye siku hizi hatupi kitu, hata bahasha tupu.

Asante, Mama, kwa subira na kwa ukali wako. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele na magoti yasiyolalamika. Na ukisikia mwezi ujao kwamba chumba cha kumbukumbu kimegoma, usiulize tumenyimwa nini.