Mama Verlene Anastaafu, na Yu Hai

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwapiga picha wazee wa muziki wa bluzi wa hapa Delta, Bi. Verlene Stokes anaitundika kamera yake Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi, kijana wa chumba cha picha. Mimi na shule tuliachana mapema, lakini kwa maneno, nani ananiweza hapa makumbusho?

Alipoanza, mji wetu wa Tarver ulikuwa na vilabu vya bluzi kila kona. Leo kimoja ni gereji, kingine kinauza matairi, na waliovichangamsha wako ukutani kwetu tu. Wamo kwa sababu yake. Hakuwahi kuitoa kamera kabla ya kula na mwenyeji: kambare wa kukaanga kwanza, picha baadaye, ndiyo maana pikapu yake inanuka mafuta mpaka leo. Marehemu Rufus Tolliver alivua meno ya bandia ili apulize harmonika, akayavaa ili apigwe picha. Mama alimvizia mwaka mzima, akamnasa meno yakiwa nusu ndani, nusu nje!

Mmoja tu alimshinda: Babu Cleotha Buckhalter, miaka tisini na tatu, mpiga gitaa wa mwisho wa enzi ile. Alidai kila anayepigwa picha na Verlene hazipiti siku nyingi anazikwa. Kweli, Babu, lakini mdogo wao alikuwa na themanini! Fremu yake ikabaki tupu, na Mama akaapa hastaafu akiiacha hivyo.

Mwezi huu Babu akalegea. "Lete hiyo bunduki yako, binti. Nakupiga wewe kwanza. Ukimaliza wiki u hai, na mimi nakaa unipige."

Akampiga picha, kichwa akakiacha nje ya fremu. Kisha kila asubuhi simu ofisini:

"Wee mtoto, yu hai?"

"Yu hai, Babu. Anakula."

"Hakohoi?"

"Anakucheka wewe."

"Mh! Tungoje."

Wiki ilipotimia akatokea na suti nyekundu, viatu vinang'aa, gitaa kifuani. Mama alilia mpaka akashindwa kuona, na bado picha ikatoka kali. Ndiyo hiyo jaladani mwa jarida letu hili.

Asante, Mama, kwa kutuwekea nyuso zao. Tunakutakia uzee mtamu, kambare wasiokwisha, na hasa uhai mrefu, maana Babu bado anapiga simu kila asubuhi kukuulizia. Mimi nimechoka kupokea. Nimempa namba yako ya nyumbani.