Kombi Iliyokwama Getini

Basi halikuwa limetoka Thika, na mama wa kiti cha mbele yangu tayari alikuwa amewaka. Kijana aliyekaa kando yake, mtu asiyemjua kabisa, alikuwa anaangalia picha ya gari lake kuukuu aina ya Kombi kwenye simu.

"Hiyo umeishusha springi?"

"Nimeshusha, mathe. Tumbo karibu iguse lami. Si iko poa?"

"Poa gani? Ndugu yangu Ndegwa alishusha Kombi ya marehemu baba, tukaenda nayo ruracio, kupeleka mahari ya kijana wake. Unajua vile wenye boma hufunga geti mpaka wageni waimbe? Tuliimba mpaka sauti zikakauka! Wakafungua. Ngai! Gari ikakwama kwa tuta ya simiti, nusu ndani, nusu nje!"

"Si mngeshuka tu?"

"Tulishuka! Nikasukuma na kitenge yangu mpya, wakwe wakituangalia. Mzee mmoja akauliza kama hata mahari tutaileta tukisukuma!"

Nilikohoa ili nisicheke.

"Makosa ni ya hiyo tuta, mathe. Kombi ikiwa juu inakaa ya kubeba kuku."

"Hiyo ya kuku ndiyo ilitupeleka kanisa sisi wote! Na haikuwahi kutuaibisha kwa geti ya mtu!"

Makanga akagonga bodi, tukasimama stendi ya Kimbo. Mama akashuka bila kuaga. Kijana akatoa kichwa dirishani, kiganja amekiweka juu kidogo ya kifundo cha mguu wake kama anayepima kimo, mahali ambapo mama hangeweza kukiona.

"Mathe! Hiyo tuta ilikuwa inafika wapi? Ruracio yangu ni Jumamosi!"