Panya Mzima wa Figo Moja

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Limeegemea ukuta wa karakana, mbele ya meza ya Mama Birika, na wenyewe hawangoji kualikwa: Spana, fundi wa magari, Wakili, ambaye mahakamani amefika mara moja tu, tena kizimbani, na Mwalimu Mstaafu, aliyestaafu kufundisha lakini si kusahihisha watu. Chini ya meza kuna kinu kidogo kilichofunikwa kifudifudi. Asubuhi hiyo Mama Birika alimimina kahawa huku simu ikimwelemea mfukoni. Bintiye, anayechunguza panya katika maabara ng'ambo, alikuwa ameongezewa mkataba, miaka mingine mitatu. Anangoja neno la mama yake ndipo atie sahihi, na benchi zima lilikwisha kusikia.

— Mwambie asaini! — Wakili akafungua kikao. — Ila hao panya anawafanya nini hasa?

— Anazima jeni moja, — alisema Mama Birika. — Halafu anangoja panya azaliwe, atazame kiungo gani hakikuumbika. Kilichokosekana ndicho kinachomwonyesha kazi ya ile jeni.

— Wengine huzaliwa hata miguu hawana, — akaongeza Mwalimu.

— Si ndiyo hayo! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Wakili, panya yumo tumboni, — Mwalimu akasahihisha. Huyo mkuu kamsikia wapi?

— Mbona mimi hiyo nafanya kila siku? — Spana akajigamba. — Nikifunga injini, lazima boliti mbili zibaki chini. Na gari linaondoka!

— Linaondoka, ila halirudi, — alisema Mwalimu.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Mama Birika naye alicheka, kicheko cha kuazima, akakirudisha upesi.

— Chekeni tu, — alisema Wakili. — Leo panya, kesho sisi. Watazima jeni ya njaa, tajiri akuajiri bila chakula cha mchana.

— Keshokutwa ya usingizi, — Spana akadakia.

— Na ya kukumbuka kwao wameshaizima! Mbona wanaokwenda huko hawarudi? Chanda chema huvikwa pete.

— Pete imeingiaje hapo?

— Kidoleni, Mwalimu.

Safari hii aliyecheka ni Wakili peke yake. Spana akamkanyaga mguu.

— Nitamwambia asaini, — alisema Mama Birika, akifuta meza iliyokwisha kufutwa. — Hapa kimeharibika nini? Mnakunywa, mnabishana, mnakwenda zenu. Kuna panya mmoja binti yangu alinisimulia habari zake. Walimzimia jeni, akazaliwa mzima. Anakula, anakimbia. Wakasema basi, ile jeni haikuwa na kazi. Walipokuja kumtazama ndani, figo moja haipo.

— Na anaishi? — Spana akauliza.

— Anaishi.

Hapo lori likasimama, akashuka dereva ambaye zamani hakupita bila kunywa pale, kabla hajahamishiwa njia nyingine.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Umepotea!

Akapokea kikombe, akapiga funda moja, akalishikilia mdomoni kama anayetafuta kitu.

— Mama, mbona siku hizi haina tangawizi?

Spana akakagua viatu vyake. Walikuwa wameinywa hivyo tangu binti aondoke, na kila mmoja alijua ni mkono wa nani uliokuwa ukitwanga alfajiri, vitabu vya chuo vikingoja juu ya kiti. Hakuna aliyethubutu kusema. Mama Birika alijaribu kutwanga mara moja. Kilichomshinda si tangawizi, ni mlio wa kinu.

Akainua birika amwongeze mgeni. Lilikuwa jepesi, na tone lililotoka halikufunika hata sakafu ya kikombe. Akaliweka chini, akatoa simu, akabonyeza pa kurekodi sauti.

— Mwanangu, — alisema, — nilitaka kukwambia huku hakuna kilichopungua.

Kidole hakukiondoa.

— Kahawa haina tangawizi.